Maneno ya Wimbo ni Mali ya Nani?

Katika mitaa ya Lubumbashi, ya Goma na ya Bukavu mmekwisha kuwasikia vijana wanaoghani maneno kwa mbio juu ya mapigo ya ngoma. Huo ndio muziki wa hip-hop. Wazee wengi huziba masikio na kupita. Lakini hata miongoni mwa vijana wanaoupenda ni wachache wanaojua jinsi ilivyotengenezwa na kuuzwa santuri iliyoutangaza muziki huo duniani, na neno gani la haki limebaki bila kulipwa ndani yake mpaka leo.

Hip-hop ilizaliwa katika Bronx, mtaa wa maskini wa mji wa New York, Marekani. Wengi huhesabu tarehe 11 Agosti 1973, siku ambayo kijana mmoja mwenye asili ya Jamaika, aitwaye Kool Herc, alipiga santuri katika karamu ya dada yake, katika nyumba namba 1520 ya Sedgwick Avenue. Herc aliona kwamba watu hucheza zaidi pale ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake. Basi akatafuta namna ya kukirefusha kipande hicho. Juu ya ngoma hizo wenzake walighani maneno ya kujisifu na ya kuwachekesha watu. Kwa muda wa miaka sita jambo hilo lilikaa katika karamu, viwanja na kanda zilizopitishwa mkono kwa mkono. Hakuna aliyedhani kwamba karamu yaweza kutiwa katika santuri na kuuzwa dukani.

Aliyedhani hivyo alikuwa mwanamke. Mama Sylvia Robinson, mzaliwa wa Harlem, alikuwa amekwisha kupata sifa ya uimbaji tangu mwaka 1956. Yeye na mumewe Joe walikuwa na studio katika Englewood, mji mdogo wa New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, lakini kampuni yao ya zamani ilikuwa imeanguka kwa madeni. Mwaka 1979 alihudhuria karamu katika ukumbi wa Harlem World, akamwona mghani akisema neno na umati wote ukiitikia, kama waamini wanavyomwitikia kasisi. Akarudi nyumbani na wazo moja tu, naye akamwambia mwanawe amtafutie kijana anayejua kazi ile.

Kijana alipatikana katika duka la pizza, ndio ule mkate wa Kiitalia unaookwa pamoja na nyanya na jibini. Aliitwa Henry Jackson. Watu walimwita Big Bank Hank, maana alikuwa mtu mnene sana. Akaacha jiko lake, akaingia katika gari na kughani palepale barabarani. Vijana wengine wawili, Guy O'Brien na Michael Wright, nao wakataka kujaribiwa. Mama Sylvia hakuweza kuchagua, akawachukua wote watatu. Hawakuwa wamepata kuimba pamoja hata siku moja. Akawapa jina la Sugarhill Gang, kwa kukumbuka Sugar Hill, sehemu ya Harlem.

Baada ya siku chache wakaingia studio. Siku zile hapakuwa na mashine za leo ambazo hukata kipande cha wimbo na kukirudia zenyewe. Wanamuziki wa kundi la Positive Force walipaswa kuupiga kwa mikono yao wenyewe mwendo wa gitaa la besi wa wimbo "Good Times" wa kundi la Chic, uliokuwa umeshika nafasi ya kwanza Marekani mwezi wa Agosti mwaka uleule. Wakaupiga na kuupiga tena, muda wa karibu robo saa, bila kuharakisha wala kulegea. Mwenye kujua gitaa atakubali kwamba hiyo si kazi ya mchezo! Waghani watatu wakapokezana zamu mpaka mwisho, tena, kwa masimulizi yao, mara moja tu. Maneno yenyewe si ya ibada: wanajisifu nguo zao na magari yao, na Wright anasimulia jinsi alivyokwenda kula kwa rafiki akakuta chakula kibaya. Kisa hicho kinachekesha kweli.

Santuri ilitoka mwezi wa Septemba 1979, jina lake "Rapper's Delight". Kuitangaza haikuwa rahisi, kwa sababu redio zilizoea nyimbo za dakika 3 au 4, na huu ulikuwa na zaidi ya dakika 14. Robinson na mkewe wakatoa pia nakala fupi. Lakini watu waliokwisha kuusikia waliutaka ule mrefu, na wapiga santuri wa kumbi za dansi wakafanya kazi ambayo redio ziliisitia. Haikuwa santuri ya kwanza kabisa ya namna hiyo, maana bendi ya Fatback ilitangulia kwa muda mfupi. Ila ndiyo ya kwanza kuingia katika nyimbo 40 za juu za Marekani, ikafika nafasi ya 36 mwezi wa Januari 1980. Uingereza ilifika nafasi ya 3, na Uholanzi na Kanada ikawa ya kwanza.

Ndipo wenye mali wakaanza kujitokeza. Nile Rodgers, mpiga gitaa wa Chic, alikuwa katika ukumbi mmoja wa New York aliposikia besi ya mwenzake Bernard Edwards ikipigwa chini ya maneno ya watu wengine. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Wakatishia kwenda mahakamani. Ushahidi wao ulikuwa wazi, kwa kuwa "Good Times" ilikuwa imechapishwa kwa majina yao na kila mtu aliijua. Basi wakaandikwa kuwa watungaji, na fedha zikawafikia.

Mwenye maneno je? Hank hakuwa mghani. Alikuwa msimamizi wa Curtis Brown, kijana hodari wa Bronx ajulikanaye kama Grandmaster Caz. Alipoitwa studio alikwenda kwa Caz kuomba maneno, naye Caz akamfungulia daftari lake, akitumaini, kama alivyosimulia mara nyingi, kwamba rafiki akifanikiwa hatamsahau. Hank akachukua. Hakujisumbua hata kubadili jina: wakati ule Caz alijiita pia Casanova Fly, na katika santuri Hank analitamka jina hilo herufi kwa herufi, kana kwamba ni lake mwenyewe. Caz anasema hakupata fedha wala jina lake kuandikwa.

Kwetu sisi, msomaji atasema, nyimbo za matanga na za mavuno ni za wote, na mwimbaji huokota neno la jirani bila kuomba ruhusa. Ni kweli. Lakini katika matanga hakuna anayesimama mlangoni kutoza fedha. Siku wimbo unapokuwa bidhaa, neno la jirani linakuwa na bei, na Amri ya Saba haikutenga maneno upande mmoja na mbuzi upande mwingine. Mimi simhesabu Caz kuwa mjinga. Alimtendea mwenziwe kama ndugu. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba daftari halikuwa na muhuri. Katika nchi yetu Sheria ilitolewa tarehe 5 Aprili 1986 kulinda haki za watungaji, na shirika la SOCODA likaanzishwa mwaka 2011 kwa ajili hiyo. Hata hivyo ni vijana wangapi wanaoandika jina na tarehe chini ya maneno yao kabla ya kumpa rafiki?

Wale waliobaki hawakustarehe. Wright na O'Brien waliiacha kampuni, kisha wakateta kwa miaka mingi na jamaa ya Robinson juu ya haki ya kutumia jina la kundi na hata majina yao ya jukwaani. Filamu iliyotolewa juu ya ugomvi huo ina jina ambalo maana yake ni "Nataka Jina Langu Lirudi". Mama Sylvia alikufa mwezi wa Septemba 2011, na Hank mwezi wa Novemba 2014, huko Englewood. Naye Caz, kwa miaka mingi, amekuwa akipanda gari pamoja na wageni kutoka nchi mbalimbali, akiwaongoza katika Harlem na Bronx, na kuwaonyesha kwa kidole mahali muziki huo ulipoanzia.