Kuipa Amplifaya Kongwe Ladha Mpya Bila Kuitoboa

Kwa nini bendi yetu isinunue tu amplifaya mpya yenye vitufe kumi, tuachane na lile sanduku la babu? Jibu fupi: hatuna hela. Sanduku lenyewe ni Fender Champ ya miaka ya 1970, nasi hatuna jingine. Likiungua, bendi imekwisha. Ndiyo maana tulibishana wiki nzima kabla ya kuligusa.

Champ ni kitu rahisi mno. Ina valvu tatu: 12AX7 inayokuza sauti ndogo ya gitaa, 6V6 inayoisukuma hadi kwenye spika ya inchi 8, na 5Y3 inayonyoosha umeme wa ukutani uwe wa mkondo mmoja. Vitufe navyo vitatu: sauti, trebo na besi. Midi haipo. Yaani ipo, ila imefungwa: rezista moja ya omu 15,000 imeshaamua kwa niaba yako iwe kiasi gani, na kiasi chenyewe ni kidogo. Ukipiga peke yako, sauti hiyo ni tamu kweli. Kwenye dansi, ambako solo lazima ipenye kati ya ridhimu, besi na ngoma, inamezwa.

Basi rezista hiyo tuliitoa, tukaweka ya kuzungusha, ya omu 25,000. Ukiifungua yote, midi inajaa. Ukiirudisha, unapita kwenye mlio ule ule wa kiwandani. Kitufe kikae wapi? Champ ina soketi mbili za gitaa na ya pili hatuitumii, kwa hiyo ilitoka yenyewe, kitufe kikaingia kwenye tundu lake. Hapo ubishi ukaisha, maana bati likishatobolewa halirudi, na thamani ya amplifaya kongwe inashuka.

Kitufe tulichochagua kina swichi ya kuvuta, nayo ina kazi yake. Kuna njia inayorudisha sehemu ndogo ya sauti kutoka upande wa spika kwenda kwenye 12AX7, kinyumenyume, ili kutuliza mkwaruzo. Ukivuta, njia inakatika: amplifaya inapayuka zaidi na inakwaruza mapema. Kwa solo za mwishoni, safi sana.

Wengine walitaka pia kapasita ya mikrofaradi 25 kwenye valvu ya kwanza iwe ya 0.68, mlio uwe mkali. Nilipinga. Inapunguza besi, na spika ya inchi 8 ina besi gani ya kupunguza?

Sasa hatari. Nasomea ualimu wa fizikia, na ubaoni kapasita ni mistari miwili sambamba, haimtishi mtu. Ndani ya Champ, kapasita za umeme zinaweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Zinaweza kuua. Kazi hii aliifanya fundi mzee aliyekulia kwenye redio za valvu: alizimwaga umeme kupitia rezista, akapima kwa mita, ndipo akashika bisibisi. Tena Champ yetu ni ya Marekani, ya volti 120. Bila transfoma ya kushusha kutoka 230, usiichomeke kabisa.

Rezista ya zamani na soketi vimefungwa kwenye bahasha ndani ya kasha, kwa atakayetaka kuvirudisha.