Mtoto anaelewa, lakini maneno hayatoki vizuri

Je, mtoto wako anaelewa unachomwambia, lakini akizungumza watu hawamwelewi? Huenda umeambiwa ni mvivu wa kuongea, au kwamba hana akili. Usikubali haraka. Kwa baadhi ya watoto, tatizo liko kwenye pumzi, ulimi, midomo na taya, au namna ubongo unavyoviongoza.

Aina mbili kuu

Ya kwanza hutokea pale misuli ya kuzungumzia inapokuwa dhaifu, imekakamaa au haitulii. Huwapata watoto wengi wenye mtindio wa ubongo. Sauti huwa ndogo, maneno huburuzika, na pumzi huisha kabla ya sentensi kwisha.

Katika aina ya pili misuli ina nguvu, lakini ubongo unashindwa kupanga mfuatano wa sauti. "Samaki" leo huwa "tamaki", kesho "makisa". Neno likiwa refu, ugumu huongezeka.

Mtaalamu wa matamshi hufanya nini?

Kwanza atataka masikio yapimwe, kisha ataangalia mtoto anavyokula. Akipaliwa mara kwa mara, sema mapema, kwa sababu chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Kwa tatizo la misuli, mtoto hufundishwa kukaa vizuri, kuvuta pumzi, kuanza kusema mara anapoitoa, na kusema maneno machache kwa pumzi moja, polepole. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa vikundi vidogo vya watoto wenye mtindio wa ubongo mafunzo ya namna hii mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, na maneno yao yakaeleweka zaidi.

Kwa tatizo la mpangilio, huchaguliwa maneno machache ya kila siku: "maji", "nipe", "sitaki". Mtoto hutazama mdomo wa mtaalamu, wanasema pamoja polepole, kisha anasema peke yake, tena na tena.

Kupuliza puto au kuzungusha ulimi hakutoshi. Mtoto hujifunza kusema kwa kusema. Kumkata kimeo au ngozi ya chini ya ulimi hakutibu matatizo haya.

Wewe nyumbani

- Fanyeni mazoezi kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, wakati wa kuoga au kula.
- Mtazame usoni na umsubiri amalize. Usimmalizie.
- Usipomwelewa, usijifanye umeelewa. Mwambie: "Nionyeshe."
- Usimlazimishe kurudia maneno mbele ya wageni.

Picha na ishara

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akizoea kuonyesha picha au ishara za mikono, hatasema tena. Hazimzuii kusema, na mara nyingine humsaidia. Mtoto anayeumwa tumbo anahitaji kukueleza leo, si baada ya miaka miwili ya mazoezi.

Baadhi ya watoto watakuja kusema vizuri, wengine watahitaji picha na ishara maisha yao yote. Lengo ni mtoto aeleweke nyumbani, shuleni na anapokuwa mgonjwa. Anza kwenye kliniki ya watoto iliyo karibu nawe, eleza unachokiona, na uombe rufaa kwa mtaalamu wa matamshi. Usisubiri "akue kwanza".