Nukuu za mtafiti wa kifafa na maana yake kwa mkazi wa Likoni

WATAALAMU wa maradhi ya ubongo na neva hupimana kwa namba. Mmoja husifiwa kwamba amenukuliwa mara elfu kadhaa, mwingine kwamba kipimo chake cha h ni 40 au 60. Kwa mzazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe ambaye mwanawe huanguka kifafa, sifa hizo ni fumbo.

Mfano wa kulifumbua uko karibu. Mjini Kilifi, kilomita 60 hivi kaskazini mwa Mombasa, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na wakfu wa Wellcome wa Uingereza wamekuwa na kituo cha utafiti tangu 1989. Miongoni mwa madaktari wa mwanzo kituoni humo ni Charles Newton, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyechunguza malaria inayopanda ubongoni mwa watoto na baadaye kifafa.

Mtafiti akimaliza kazi huipeleka katika jarida la kitaalamu, ambako wenzake huikagua kabla haijachapishwa. Mtafiti mwingine akiitegemea kazi hiyo, sharti aitaje. Huko ndiko kunukuliwa. Kipimo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California: mwenye h ya 30 ana makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30. Aliyechapisha rundo la makala zisizosomwa na yeyote hafiki huko.

Mwaka 2010 jarida la Epilepsia lilichapisha makala iliyounganisha tafiti za nchi nyingi ili kukadiria idadi ya watu wenye kifafa duniani. Imenukuliwa mamia ya mara. Jina la kwanza ni la Mkenya, Anthony Ngugi, na la mwisho ni la Newton. Katika tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba mzigo wa kazi, na wa mwisho ni kiongozi. Hesabu ya nukuu haijali tofauti hiyo. Wote huandikiwa sawa. Nao wasaidizi wa nyanjani, wanaobisha hodi boma kwa boma, ni nadra kuandikiwa chochote.

Na kazi hiyo ya kubisha hodi si ndogo. Katika utafiti uliotolewa na The Lancet Neurology mwaka 2013, ambao pia unaanza na jina la Ngugi, watu zaidi ya 580,000 walihojiwa katika maeneo matano ya Afrika. Kifafa cha kutetemeka mwili kilikadiriwa kuwapata watu 7.8 katika kila 1,000 huko Kilifi, na 14.8 huko Ifakara, Tanzania.

Hata hivyo, makala ambayo mzazi wa Likoni angefaa kuifahamu zaidi ni nyingine, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Caroline Mbuba. Watafiti walipima damu ya wagonjwa wa Kilifi kuona kama imo dawa ya kifafa. Pengo la tiba likawa asilimia 62.4, yaani takriban wagonjwa sita katika kila kumi hawakuwa wakitibiwa ipasavyo. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na pengo hilo ni kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, kulipia dawa, na imani za jadi. Pwani degedege bado husemwa kuwa ni nyuni au shetani, na wengi humpitia mganga kwanza.

Hapa ndipo namba za nukuu zinapogota. Zinaeleza ni mara ngapi kazi imetajwa na watafiti wengine, lakini hazielezi ni wagonjwa wangapi waliopata vidonge. Wala takwimu za Kilifi si za Mombasa: katika yale maeneo matano hapakuwa na mtaa hata mmoja wa Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 250,358 katika kaunti ndogo ya Likoni. Endapo kiwango cha Kilifi kingekuwa ndicho cha huko, wagonjwa wangekaribia 1,950. Wengi wao hawako kilomita 30 kutoka hospitali. Kikwazo cha umbali kikiondolewa, kinabaki cha bei ya dawa, pamoja na kile cha nyuni.