Kibira: Ndege Hawaji Mmoja Mmoja

Mtu wa Bujumbura akitaka kuona wanyama huenda mbuga ya Rusizi. Viboko wanaonekana bila jasho, ndege wa majini wamejaa, na saa saba umesharudi mjini unakula samaki wa mukeke. Wachache hushika barabara ya Bugarama na kupanda kutoka mita zisizofika 800 za ufukweni hadi zaidi ya mita 2,000 kule Teza, mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa Kibira kuanza.

Siwalaumu sana. Anayeingia Kibira mara ya kwanza hudhani kadanganywa. Kuna baridi, matope, na miti iliyovaa kuvumwani hadi kileleni. Kitabu cha mwongozo kinamwambia msitu huu una ndege wa aina zaidi ya 200, naye ametembea muda mrefu hajaona hata mmoja.

Kisha wanakuja wote kwa mkupuo.

Zinatangulia sauti, nyembamba, za haraka, zikijibizana juu ya kichwa. Kijindege cha mgongo wa kijani na uso wa wekundu uliofifia kinapekua majani, mara kimening'inia kichwa chini. Ngazi moja chini yake batisi wa Rwenzori, mweusi kwa mweupe, jicho la njano, ametulia akingoja mdudu aliyefurushwa na wenzake. Chozi mwenye kifua chekundu anapita kasi. Kigong'ota yuko kwenye shina, na shughuli za wengine hazimhusu. Halafu wanafika wenye kelele: ndege weusiweusi wenye ukosi wa rangi ya kutu, wanaruka tawi hadi tawi kifamilia, wanachokonoa kuvumwani na kuiangusha vipande vipande. Hao wanapatikana Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo, basi. Kabla hujajua umtazame nani, msafara umeshapita.

Jambo hili, ndege wa aina mbalimbali kusafiri pamoja, si la Kibira peke yake. Mwanaasilia Henry Walter Bates aliliandika mwaka 1863 baada ya kukaa Amazon, na miaka ya 1940 mtaalamu wa ndege Winterbottom akalichunguza Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo. Sababu kubwa ni mbili. Macho mengi humwona kipanga mapema, na anayekula hapotezi muda kugeuza shingo kila saa. Pia mguu wa mmoja humfurusha mdudu, mdomo wa mwingine humdaka. Hawagombani sana kwa kuwa kila mmoja ana eneo lake: huyu shina, yule ncha za majani, mwingine hewani.

Wapo wanaouita huu urafiki. Mimi naona ni ubia, na ubia haukosi mjanja. Kule Kalahari watafiti wamethibitisha kwamba ndege aitwaye mramba hulinda wenzake kwa kupiga ukelele wa hatari, lakini mara nyingine huupiga bure. Wenzake wakikimbia, yeye huteremka na kubeba chakula walichokiacha.

Kibira yenyewe ilikuwa mahali pa kuwindia pa wafalme, abami, kabla ya kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1980. Ina takriban hekta 40,000 na imeungana na msitu wa Nyungwe upande wa Rwanda. Ndege wengi wa msafara huu hawana maisha nje ya msitu. Chai ni ya kijani pia, ila haina matawi makuu, haina kuvumwani, haina wadudu wao.

Anayetaka kuwaona aende na mwongozaji wa mbuga, avae koti, na asiwafukuzie. Kundi hutembea haraka kuliko mtu kwenye matope. Ni heri kusimama pale njia inapopanuka kidogo na miti ya kando zote mbili ionekane, kisha kusubiri. Darubini ni nzuri, lakini tumia masikio kwanza. Ukishaijua kelele ya wale wa ukosi wa kutu, utajua wapi pa kuelekeza darubini kabla wengine hawajatokeza.