Gharama ya Kuacha Sigara kwa Mtu Maskini

Mvutaji wa sigara anapomjia mchungaji, mara nyingi jambo lake huhesabiwa kuwa ni la nia tu. Tunamwuliza kama ameamua kweli, tunamwombea, kisha tunamwagiza akajitahidi. Ni mara chache tunapomwuliza jinsi anavyozinunua sigara zake.

Tuitazame Kenya. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu pakiti yenye sigara pungufu ya kumi. Hata hivyo vibandani sigara huuzwa moja moja, kama ilivyo hata huku kwetu. Kibarua alipwaye kwa siku hununua moja asubuhi, nyingine baada ya chakula, na ya tatu jioni akijaliwa. Hatakiwi hata mara moja kuwa na fedha nyingi mkononi.

Mtu huyo akishauriwa kuhamia sigara ya kielektroniki, yaani kifaa cha betri kinachopasha moto kimiminika chenye nikotini na kutoa mvuke, mambo hugeuka. Mvuke huo hauwezi kuitwa salama, ila hautokani na tumbaku inayoungua, nao hauna lami. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane zaonyesha kwamba wavutaji waliopewa vifaa hivyo vyenye nikotini waliacha sigara kwa wingi zaidi kuliko waliopewa plasta au chingamu za nikotini. Lakini ni lazima kwanza anunue kifaa, na kimiminika, na mahali pa kuchaji apate (jambo ambalo si dogo kwa asiye na umeme nyumbani). Haya yote yatangulia pumzi ya kwanza.

Kisha yaja kodi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Kenya mwishoni mwa 2024, kila mililita moja ya kimiminika hicho ilitozwa shilingi 100, na sigara 1,000 zilitozwa shilingi 4,100. Basi chupa ya mililita 10 yabeba kodi ya shilingi 1,000, na pakiti ya sigara 20 yabeba shilingi 82. Mvutaji atumiaye mililita mbili kwa siku humaliza chupa hiyo kwa siku tano. Kodi yake peke yake ni shilingi 200 kila siku. Serikali yaweza kujitetea kwamba inawalinda vijana, na hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyekwisha kufungwa na sigara akiwa mtu mzima, naye ni maskini, amefungiwa mlango uleule. Uingereza ilishika njia nyingine: mwezi Aprili 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja wa England vifaa vya kuanzia bila malipo, pamoja na ushauri.

Sisemi kwamba kanisa lihubiri mvuke. Uganda ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2015, na Shirika la Afya Duniani halikubali vifaa hivyo kuuzwa kama bidhaa za kawaida. Plasta na chingamu za nikotini, ambazo shirika hilo limeziweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2009, hazina ubishi huo. Hata hivyo hutumiwa kwa majuma manane au zaidi, nazo haziuzwi kwa bei ya sigara moja.

Yakobo, katika sura ya pili, awakemea wanaomwambia mhitaji aende akaote moto bila kumpa nguo. Luther naye, akieleza amri ya tano katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye katazo la kuua, bali aliongeza wajibu wa kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili. Sharika nyingi zina mfuko wa diakonia unaolipia dawa za wagonjwa. Sioni kwa nini boksi la kwanza la plasta lisitoke humo, mhusika akirudisha kidogo kidogo kwa kadiri ya zile sarafu alizokuwa akipeleka kibandani.

Wanafunzi wetu waendao mazoezini sharikani wangefanya vema kuuliza mapema: kwa siku wanunua ngapi, na kila mara walipa kiasi gani?