Kiunzi Kinachooza au Kinachoyeyuka? Istilahi za Uundaji wa Tishu za Misuli na Ridhaa ya Mgonjwa

Makala hii inajadili namna Kiswahili kinavyoweza kueleza uundaji wa tishu za misuli kwa ajili ya upandikizaji. Nchi inayotupokea hapa Kimihurura ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Hospitali ya King Faisal jijini Kigali ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Msuli uliokuzwa maabarani bado si tiba ya kawaida popote duniani. Tuna muda, basi, wa kuchagua maneno kabla fomu za ridhaa hazijatafsiriwa kwa pupa.

Msuli hujirekebisha wenyewe. Pembezoni mwa nyuzi zake zimelala seli shina, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Msuli ukijeruhiwa, seli hizo huamka, hugawanyika na kuungana kuwa nyuzi mpya. Hata hivyo, ajali au mlipuko ukiondoa sehemu kubwa, takriban asilimia 20 ya msuli au zaidi, pengo hujazwa na kovu lisiloweza kukaza wala kulegea. Ndipo watafiti wanapochukua seli kutoka katika kipande kidogo cha msuli, wakazikuza, wakazipanda kwenye kiunzi chenye vitundu, kisha wakakipandikiza mwilini.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Mkulima wa mpunga hupanda mbegu kitaluni, halafu hupandikiza miche shambani. Vitenzi hivi viwili vinatenganisha kwa usahihi hatua mbili za maabara na za chumba cha upasuaji, wala hakuna haja ya kukopa.

Ugumu unaanzia kwenye sifa ya kiunzi chenyewe. Viunzi vingi hutengenezwa kwa polima za asidi ya laktiki na asidi ya glaikoliki. Maji ya mwili huzikatakata taratibu, na mabaki yake hatimaye hutoka kama kabonidayoksaidi na maji. Wanamazingira wamezoea kusema mifuko “inayooza”, na mfasiri mwenye haraka atalichukua neno hilo hilo. Mgonjwa mwenye kidonda pajani akisoma kwamba atawekewa kitu kitakachooza ndani ya mwili wake, ataelewa donda ndugu, na atakuwa na haki ya kukataa. Wauguzi wetu tayari husema “nyuzi zinazoyeyuka”, na baadhi ya nyuzi hizo za kushonea zimetengenezwa kwa polima za jamii hiyo hiyo. Mkemia atalalamika kwamba hakuna kinachoyeyuka kwa maana halisi. Na alalamike, kwenye fomu ya ridhaa ninapendekeza “kiunzi kinachoyeyuka mwilini”, na “kinachovunjwa na mwili” kibaki katika makala za kitaalamu.

Neno “mshipa” lina hatari zaidi. Seli iliyo mbali na damu kwa zaidi ya takriban mikromita 200 hukosa oksijeni ikafa. Kwa sababu hiyo msuli mnene haukui bila mtandao wa damu. Mwaka 2005 kundi la Shulamit Levenberg lilipanda pamoja seli changa za misuli, seli za kuta za mishipa ya damu na seli za tishu unganishi. Mtandao wa mishipa ulijitokeza ndani ya kiunzi na kuungana na damu ya panya waliopandikizwa. Lakini msuli usiofikiwa na neva hudhoofu hata ukiwa na damu tele. Daktari akisema “mishipa imeungana” bila kutaja ni ya damu au ya fahamu, mgonjwa atadhani mguu utatembea.

Limebaki suala la asili ya kiunzi, ambalo washauri wa sera wasiliache kwa wafasiri. Mwaka 2014 watafiti wa Pittsburgh waliripoti wagonjwa watano waliopoteza misuli mingi na kuwekewa viunzi visivyopandwa seli, vilivyotokana na kibofu cha nguruwe; watatu kati yao walipata nafuu ya utendaji. “Kiunzi cha kibayolojia” ni tafsiri sahihi ya kifaa hicho, lakini kwa msomaji Mwislamu wa Nyamirambo, Ujiji au Lamu ni tafsiri inayoficha. Mwongozo wa kikanda wa fomu za ridhaa unapaswa kulazimisha jina la mnyama liandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, katika sentensi ile ile inayotaja kiunzi.