Jinsi mkono wa bandia unavyotii amri za ubongo

Mwezi Februari mwaka 2017, watafiti wa Chuo cha Imperial mjini London, wakiongozwa na Profesa Dario Farina, walieleza njia mpya ya kuongoza mkono wa bandia kwa kusoma ishara za neva zinazotoka katika uti wa mgongo.

Mikono ya umeme iliyozoeleka hutegemea misuli iliyosalia kwenye kigutu. Msuli ukikazwa hutoa umeme hafifu, unaonaswa na vifaa vinavyogusa ngozi. Msuli mmoja hufungua kiganja, mwingine hukifunga. Mvaaji akitaka kuzungusha kifundo, mara nyingi hulazimika kwanza kuikaza yote miwili kwa pamoja. Ni kazi ya kuchosha, na si ajabu kwamba baadhi ya watu huuacha mkono wao kabatini.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyekatwa juu ya kiwiko. Ubongo wake bado huamuru vidole vikunjwe, lakini amri haina pa kufikia. Kwa hiyo madaktari huhamishia neva hizo kwenye misuli ya kifua au ya mkono wa juu, upasuaji ulioasisiwa na Dakta Todd Kuiken mjini Chicago. Wagonjwa sita waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo walijitolea kwa utafiti wa Profesa Farina, ulioshirikisha wataalamu wa Vienna. Badala ya kupima mshindo wa msuli mzima, programu yao hutenganisha mapigo ya neva moja moja, mfano wa mtu anayesikia kila msemaji katika kelele za soko.

Lakini ishara hazitulii. Jasho, uchovu, hata kuinua mkono tu huzibadilisha, na programu iliyofunzwa asubuhi yaweza kukosea jioni. Ndiyo maana watafiti hutafuta mashine inayojirekebisha yenyewe. Hapo pana mtego: mvaaji naye anajifunza, na mashine ikibadilika upesi mno, alichokizoea jana leo hakimfai. Katika jambo hili mashine yenye subira huenda ikafaa kuliko yenye akili nyingi.

Zaidi ya hayo, mikono mingi ya aina hii hairudishi hisia. Mvaaji anayeshika bilauri ya maji huitazama kwa macho ili ajue kama imeshikika.